Ukisusa, Wenzio Wala: Uchaguzi wa Buganda wa Mwaka 1961

Neno kususa twalifundisha darasani kwa mfano wa mtoto aliyekasirishwa. Chakula kimetengwa, wenziwe wamekwisha nawa, naye amejitenga pembeni akitaraji kubembelezwa. Wazee walimtungia mtoto huyo methali fupi: ukisusa, wenzio wala. Katika lugha ya siasa kitenzi hicho kimeongezewa kiambishi, kikawa kususia, na aghalabu hutajwa pamoja na uchaguzi. Chama kinachojiona kimedhulumiwa huwaagiza wafuasi wake wabaki nyumbani siku ya kura. Hapo ndipo raia anapoingia mashakani: je, akapige kura na kuitwa msaliti, au akae nyumbani na kuipoteza haki yake?

Swali hili huulizwa kila mara kwa hasira za siku ile, na kwa sababu hiyo majibu yake huwa ya hasira. Sisi tumeona ni afadhali kulipima kwa kisa cha zamani ambacho mwanzo wake na mwisho wake vyote vyajulikana. Kisa chenyewe ni cha Uganda, mwezi wa Machi 1961.

Wakati huo Uganda ilikuwa bado chini ya hifadhi ya Waingereza, na ilikuwa ikiandaliwa kupata uhuru. Serikali ya kikoloni iliitisha uchaguzi wa Baraza la Kutunga Sheria, na kwa mara ya kwanza wajumbe wa nchi nzima walikuwa wachaguliwe na wananchi moja kwa moja. Vyama viwili vilishindana: Democratic Party, yaani DP, kilichoongozwa na Benedicto Kiwanuka, na Uganda People's Congress, yaani UPC, cha Milton Obote. Buganda ilitengewa viti 21, kiasi cha robo ya viti vyote.

Lakini serikali ya Kabaka huko Mengo ilikataa. Tusiwadhanie watu wa Mengo kuwa wapumbavu, kwa maana hoja yao ilikuwa na uzito. Buganda ilikuwa na Mapatano yake na Waingereza tangu mwaka 1900, ilikuwa na mfalme wake na baraza lake, Lukiiko. Mwaka 1953 Gavana Andrew Cohen alimhamisha Kabaka Mutesa wa Pili akampeleka Uingereza, na Kabaka hakurejea hadi mwaka 1955. Jeraha hilo lilikuwa bado bichi. Waganda wengi walihofu kwamba kupiga kura ni kutia sahihi, kukiri kwamba Baraza la Kampala ndilo kubwa na Lukiiko ndilo dogo, kabla ya jambo hilo kuzungumzwa. Mwishoni mwa Desemba 1960 Lukiiko lilifikia hata kutangaza kwamba Buganda imejitenga. Tangazo hilo halikutekelezwa. Silaha iliyobaki ikawa ni kususia.

Wito uliitikiwa, baadhi ya watu wakiufuata kwa mapenzi na baadhi kwa hofu, maana waliokwenda kujiandikisha walitishwa. Katika Buganda nzima, hawakufika hata watu 5 kwa kila 100 wenye haki ya kupiga kura waliojiandikisha. Kwa kuhesabu vichwa vya waliobaki nyumbani, Mengo ilishinda ushindi mkubwa.

Hata hivyo, sheria ya uchaguzi haihesabu waliobaki nyumbani. Wale wachache waliojiandikisha walipiga kura, na DP kikachukua viti 20 kati ya 21 vya Buganda. Katika nchi nzima UPC kilipata kura nyingi zaidi ya DP, tofauti ikiwa yapata 80,000. Lakini viti vile vya Buganda, vilivyopatikana kwa kura chache mno, ndivyo vilivyompa Kiwanuka wingi katika Baraza. Akawa Waziri Kiongozi, na tarehe 1 Machi 1962 akawa Waziri Mkuu wa kwanza wa Uganda. Kiwanuka alikuwa Mganda Mkatoliki, kiongozi wa chama ambacho wakubwa wa Mengo, wengi wao Waprotestanti, walikichukia kuliko vyote. Mtu waliyetaka kumzuia ndiye waliyempisha.

Msomaji aweza kutuuliza: je, kususia huko hakukuleta faida yoyote? Haki yatudai tukiri kwamba kulileta. Kulidhihirisha kwamba serikali ya Kiwanuka haina mizizi katika Buganda, na kukamfundisha Obote kwamba njia ya kumwondoa Kiwanuka yapita Mengo. Katika mkutano wa katiba uliofanyika London mwaka 1961 Buganda ilikubaliwa wajumbe wake wa Bunge la taifa wateuliwe na Lukiiko. Chama kipya kilichoitwa Kabaka Yekka, maana yake Kabaka Pekee, kilishirikiana na UPC. Februari 1962 Waganda walipiga kura kuwachagua wajumbe wa Lukiiko, nacho Kabaka Yekka kikapata viti 65 kati ya 68. Mwezi wa Aprili UPC kilipata viti 37 na DP 24; wajumbe 21 wa Lukiiko wakaungana na UPC, na Kiwanuka akaanguka.

Lakini tuangalie vizuri ni kitu gani kilichomwangusha. Hayakuwa makazi ya nyumbani ya mwaka 1961, bali mazungumzo na kura za mwaka 1962. Isitoshe, faida ile iliwaendea wakubwa wa Lukiiko. Mwananchi wa kawaida aliambulia kuteuliwa mbunge na watu wengine. Tena haikudumu. Ushirika na UPC ulivunjika mwaka 1964. Mei 1966 jeshi la Obote lilishambulia jumba la Kabaka, Mutesa akakimbilia ng'ambo. Na mwaka 1967 katiba mpya ikafuta falme zote.

Majirani zetu nao wamepitia njia hiyo. Mwaka 2010 vyama vikubwa vya upinzani Burundi vilijitoa baada ya uchaguzi wa madiwani, na Pierre Nkurunziza akabaki mgombea urais peke yake. Machi 2016 CUF kilisusia uchaguzi wa marudio Zanzibar baada ya ule wa Oktoba 2015 kufutwa, kikabaki bila mjumbe hata mmoja katika Baraza la Wawakilishi. Oktoba 2017 muungano wa upinzani Kenya ulisusia uchaguzi wa marudio. Waliojitokeza walikuwa kiasi cha 39 kwa kila 100, lakini rais aliapishwa, na mambo yakatulia pale tu viongozi wawili walipopeana mikono Machi 2018. Malalamiko ya waliosusia yalitofautiana, na mengine yalikuwa ya haki kabisa. Ila mahali pote viti havikukaa wazi kuwangoja.

Kwa hiyo hatusemi kwamba kususia ni dhambi. Ikiwa hesabu ya kura imekwisha pangwa kabla ya siku yake, kwenda kupanga foleni kwaweza kuwa ni kuipamba dhuluma. Twasema kwamba chama kinachowaita raia wasusie kinawajibika kuwaeleza kesho yake watafanya nini: ni meza gani ya mazungumzo inayowangoja, au ni mahakama gani, au ni uchaguzi upi mwingine. Kisipoweza kueleza, raia hana deni la kukitii. Na anayeamua kwenda kupiga kura asitishwe wala asiitwe msaliti, kwa sababu kura ni mali yake mwenyewe, si ya chama. Kususia kunakosimamiwa kwa vitisho hakuwezi kujiita sauti ya watu.

Sisi walimu, tukilisomesha somo hili, tumkumbuke kijana wa Buganda aliyekuwa na umri wa miaka 21 mwaka 1961, akabaki nyumbani kwa kumheshimu Kabaka wake. Uchaguzi uliofuata, mbunge wake aliteuliwa na Lukiiko. Uchaguzi wa baada ya huo haukufanyika, na Januari 1971 Idi Amin akatwaa nchi kwa bunduki. Kijana yule hakupata kumchagua mbunge wake kwa mkono wake mwenyewe katika uchaguzi mkuu hadi Desemba 1980. Alikuwa amekwisha timiza miaka 40.