Uandaaji wa Seva ya Pamoja ya Kutunza Matoleo ya Programu

Git, programu huria inayotunza historia ya mabadiliko ya msimbo, ilianzishwa mwaka 2005 na Linus Torvalds kwa ajili ya kuendeleza kiini cha Linux. Taasisi yenye waandaaji programu kadhaa inaweza kuisimika katika seva yake yenyewe bila kulipia leseni.

Msimamizi wa seva huunda kundi moja la watumiaji na kumwingiza humo kila mtumishi anayehusika, kwa akaunti yake mwenyewe. Akaunti moja yenye nywila inayojulikana na wote ni rahisi kuiandaa, lakini haioneshi ni nani aliyeingia.

Hazina hufunguliwa kwa amri ya "git init --bare --shared=group". Neno "bare" huifanya ihifadhi historia pekee, bila faili za kufanyia kazi. "Shared" huruhusu kundi kuandika, na pia huizuia seva kupokea mabadiliko yanayofuta historia iliyokwisha kupokelewa.

Hatua inayosahaulika ni kukabidhi folda yote kwa kundi hilo kwa amri ya "chgrp -R". Isipofanyika, hazina hubaki chini ya kundi la aliyeifungua, na watumishi wengine hukataliwa wanapotuma kazi zao.

Mawasiliano hupita kwenye SSH, kila mtumishi akitumia ufunguo wake. Anayehama kitengo huondolewa kwenye kundi siku hiyohiyo.

Seva ikiharibika, historia inaweza kurejeshwa kutoka kompyuta ya mtumishi yeyote mwenye nakala kamili, lakini hadi pale alipochukua mabadiliko mara ya mwisho tu. Kwa sababu hiyo, hifadhi rudufu ya kila siku haina mbadala.