Kabla ya YouTube, redio ilifunza Kizungu

Wasee, kufunza Kizungu kwa teknolojia hakukuanza na YouTube. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, Kenya ilikuwa na mradi wa kufundisha Kiingereza kwa redio, darasa la 1 hadi la 3, ukifadhiliwa na Marekani. Kipindi kilikuwa kama nusu saa. Ujanja wake? Redio inauliza swali, inanyamaza kidogo, darasa lote linajibu kwa sauti. Mwalimu yuko hapo hapo anaongoza. Redio moja na betri, darasa zima limesoma.

2013 serikali mpya ikaingia na ahadi ya laptopu kwa watoto wa darasa la kwanza. 2016 zikaanza kufika, lakini zikiwa vishikwambi. Machi 2020 Corona ikafunga shule, masomo yakahamia redio, TV na mtandaoni. Mwenye simu na bando alisonga. Asiye nazo je?

Mimi naona hivi: lugha haiingii kwa kutazama tu, inaingia kwa kujibu. Leo video ni mob, lakini mara nyingi mtoto anaziangalia kimya. Kabla tununue kifaa kingine, tuulize: huyu mtoto ataongea saa ngapi? Na yule hana bando, ataongea na nani?