Kutoka Ugonjwa wa Mpunga hadi Homoni ya Ukuaji: Historia ya Jiberelini, 1898–1958

Insha hii inachunguza jinsi jiberelini ilivyotambuliwa kuwa homoni ya mimea. Hoja kuu ni kwamba safari hiyo ilikuwa ndefu kwa sababu utafiti ulianza na swali la ugonjwa, si la ukuaji, na matokeo yake ya awali yalisomwa zaidi na wajuao Kijapani.

Wakulima wa Japani waliuita ugonjwa huo wa mpunga bakanae, yaani mche mpumbavu. Mche ulioambukizwa hurefuka kuliko wenzake, huwa mwembamba na wenye rangi iliyofifia, na aghalabu hufa kabla ya kuzaa. Jina hilo lenyewe ni ushahidi wa uchunguzi makini: mkulima alikwisha kung'amua kuwa urefu si afya.

Mwaka 1898 Hori Shotaro alionyesha kuwa chanzo cha ugonjwa ni kuvu. Mwaka 1926 Kurosawa Eiichi, aliyefanya kazi Taiwan chini ya utawala wa Japani, alikuza kuvu hiyo katika kimiminika, akakichuja, kisha akakitumia kwa miche isiyo na ugonjwa. Miche ikarefuka vilevile. Ilidhihirika kuwa kilichoirefusha ni kemikali itolewayo na kuvu. Yabuta Teijiro aliipa jina la jiberelini mwaka 1935, na mwaka 1938 yeye na Sumiki Yusuke wakapata fuwele zake.

Historia ya auksini ilikuwa tofauti. Frits Went wa Uholanzi, aliyechapisha matokeo yake mwaka 1928, aliikusanya kutoka ncha za miche mizima. Kwa kuwa ilitoka ndani ya mmea, ilihesabiwa kuwa homoni tangu mwanzo. Jiberelini, kwa upande wake, ilionekana kuwa sumu ya kuvu.

Ni baada ya Vita Kuu ya Pili ambapo watafiti wa Uingereza na Marekani waliufuatilia kwa dhati utafiti huo wa Wajapani. Mwaka 1958 MacMillan na Suter walitenga jiberelini kutoka mbegu changa za maharagwe. Hapo ndipo bakanae ilipopata maelezo kamili: kuvu haikuleta kitu kigeni, bali ilizidisha kile ambacho mmea hujitengenezea kwa kiasi ili ukue.

Kwa hiyo, historia ya jiberelini haiwezi kuanzia maabara za miaka ya 1950. Inaanzia shambani, kwa mkulima aliyeupa mche jina.