Nguvu Isiyoandikwa: Maadili ya Kumbana Mtoto Wakati wa Tiba

Faili la mtoto aliyelazwa kwa malaria kali hujaa maelezo: uzito, joto, kiwango cha artesunate, saa ya sindano, sahihi ya muuguzi. Lisiloandikwa ni kwamba kanula iliingia baada ya mtoto kuviringishwa kwenye kanga ya mama yake, mmoja akishika kichwa na mwingine magoti, na mshipa ukakosekana mara tatu. Kwa mujibu wa faili, hayo hayakutokea. Ninachodai hapa ni kwamba nguvu ya kumbana mtoto ni kitendo cha tiba chenye madhara yake, na kama ilivyo kwa dawa yoyote, lazima iwe na sababu, kipimo na mtu wa kuiwajibikia.

Wanaoitetea hutanguliza dharura, na utetezi huo una uzito. Utafiti wa AQUAMAT, uliochapishwa mwaka 2010 na kuhusisha watoto 5,425 katika nchi 9 za Afrika, Tanzania na Kenya zikiwemo, ulionyesha vifo vya asilimia 8.5 kwa waliopewa artesunate dhidi ya 10.9 kwa waliopewa kwinini. Artesunate huchomwa mtoto anapopokelewa, kisha baada ya saa 12, na tena baada ya saa 24. Anayetaka tungoje mpaka mtoto aikubali sindano ya kwanza haijui malaria kali. Hata hivyo, mtoto aliye karibu zaidi na kifo aghalabu hapigani. Amelegea au amepoteza fahamu. Ukimtoa anayehangaika kwa kukosa hewa au kwa kuchanganyikiwa, yule anayerusha mateke na kung'ata mara nyingi ana hali ya kumruhusu angoje dakika kumi. Kwa hiyo nguvu nyingi hutumika pale ambapo haraka ya kitabibu ni ndogo, na kinachoitwa dharura huwa ni foleni iliyoko nje ya mlango.

Ridhaa ya mzazi nayo hubebeshwa mzigo isiouweza. Mama aliyekubali mwanawe atolewe maji ya uti wa mgongo ameridhia kipimo. Ni kweli kwamba hapo kumshika kuna sababu ya wazi, kwani mtoto akijitupa sindano huhama. Lakini mama hakuulizwa mtoto atashikwaje, kwa muda gani, wala ni jaribio la ngapi litakuwa la mwisho. Akithubutu kuuliza, hujibiwa, “Mama, unataka mtoto apone au hutaki?” Baada ya hapo huamriwa ama ambane yeye mwenyewe, ama atoke nje. Akibana, anageuzwa chombo cha kitendo ambacho hakukielewa. Akitoka, mtoto anapoteza mtu pekee anayemwamini mle ndani. Sijui ni lipi baya zaidi, ila najua kwamba hakuna hata moja kati ya hayo linaloweza kuitwa ridhaa.

Mtoto mwenyewe naye ana sauti. Kifungu cha 11 cha Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya mwaka 2009 kinampa mtoto anayeweza kuwa na maoni haki ya kuyatoa, kusikilizwa na kushiriki katika maamuzi yanayohusu ustawi wake. Mtoto wa miaka minne hawezi kuamua kama homa ya uti wa mgongo ipimwe au isipimwe. Lakini anaweza kusema achomwe mkono upi, apakatwe au akae peke yake, atazame au afumbe macho.

Wengine husema atasahau. Hoja hii ina historia isiyopendeza: mpaka miaka ya 1980 watoto wachanga walikuwa wakipasuliwa kwa ganzi kidogo sana, au bila ganzi, kwa imani kwamba hawahisi maumivu kama sisi. Mwaka 1987 Anand na Hickey waliivunja imani hiyo katika jarida la New England Journal of Medicine. Muongo mmoja baadaye Taddio na wenzake walionyesha, katika The Lancet, kwamba wavulana waliotahiriwa wakiwa wachanga bila ganzi waliumia zaidi walipochanjwa wakiwa na miezi 4 hadi 6 kuliko wasiotahiriwa. Kwetu kuna la ziada. Mtoto hufika zahanati akiwa ameshaambiwa nyumbani, na wakati mwingine kwenye benchi la kusubiria, “Ukilia namwita daktari akuchome sindano.” Amefundishwa kwamba sindano ni adhabu. Watu watatu wanapomlalia juu, anapata ushahidi.

Pingamizi ninaloliheshimu ni la muuguzi mmoja mwenye wodi nzima usiku. Hana dakika kumi, hana krimu ya ganzi, hana wa kumsaidia. Lakini Shirika la Afya Duniani, katika mapendekezo yake ya mwaka 2015 kuhusu maumivu ya chanjo, lilitaja mambo yasiyogharimu kitu: mtoto apakatwe akiwa ameketi badala ya kulazwa chali, anyonyeshwe, mlezi awepo, na asidanganywe kwamba haitauma. Yaliyobaki, yaani krimu, dawa ya usingizi kama ketamini na mtu wa pili, ni ya kudaiwa kwa uongozi, na uongozi hauwezi kudaiwa kwa jambo ambalo faili linasema halikutokea. Ndiyo maana nasisitiza kuandika: nani alimshika, kwa nini, majaribio mangapi, nani alisema basi. Najua ni karatasi nyingine kwa mtu aliyechoka. Mistari miwili inatosha.

Suala gumu ni mtoto wa miaka tisa aliyeungua uji, anayebadilishwa bendeji kila baada ya siku moja au mbili kwa wiki kadhaa. Akibanwa siku ya kwanza, hofu yake hulipwa kila siku inayofuata, na huzidi nguvu za mikono iliyotosha mwanzoni. Yeye anaelewa, na hapana yake ina sababu. Kwa maoni yangu apewe nafasi ya kuilowesha na kuibandua bendeji mwenyewe, muuguzi akimwelekeza, na pakubaliwe mapema ishara ya kusimama kidogo. Akikataa kabisa asubuhi, na kidonda hakina dalili ya maambukizi, kisafishwe mchana, baada ya kupewa dawa ya maumivu ya kutosha na kuingojea ifanye kazi.