Mchoraji aliyejiita mwanahistoria

Nyumbani kwetu Uvira kulikuwa na picha ukutani, pale saloni. Mfungwa amelazwa chini uani mwa gereza, askari anampiga kiboko, Mzungu anaangalia tu. Chini imeandikwa Colonie belge. Baba aliinunua Lubumbashi zamani. Tulipokimbia tulibeba sufuria na magodoro, picha ikabaki.

Ni hapa Buyenzi ndipo nilipokuja kumjua mchoraji wa kule aliyechora picha za namna ile. Tshibumba Kanda Matulu, mzaliwa wa 1947. Alichora juu ya kitambaa cha magunia ya unga, akapita nyumba kwa nyumba akiuza. Watu walizitundika ziwe ukumbusho, neno lenyewe ndilo hilo. Mwaka 1973 na 1974 alimchorea mwanaanthropolojia Johannes Fabian historia nzima ya Zaire, picha zaidi ya mia, toka kabla ya Wabelgiji mpaka Mobutu. Tena hakumpa picha tu. Alikaa akamsimulia, picha moja baada ya nyingine, kwa Kiswahili cha Lubumbashi (siyo hiki cha Buyenzi, lakini tunasikilizana), kinasa sauti kikizunguka. Alisema yeye ni mwanahistoria.

Lumumba, aliyeuawa tarehe 17 Januari 1961 karibu na mji huohuo, amemchora amelala chini, na kwa mbali misalaba mitatu. Mwalimu angekataa: misalaba gani hiyo? Nilipomwonyesha mama kwenye simu, hakuuliza. "Njo vile," akasema. "Walimufanya sawa Yesu."

Picha zile ziko Amsterdam sasa, kwenye jumba la makumbusho. Tshibumba mwenyewe hajulikani alipo tangu miaka ya 1980.

Mwanangu amezaliwa hapa, Kirundi kinamtoka kuliko Kiswahili cha bibi yake. Nilimwonyesha Colonie belge nyingine, ya Tshibumba, inayofanana na ile ya baba. Akauliza, "Papa, huyu anayepigwa ni wa kwenu ao ni wa hapa?"

Sikuwa na jibu la haraka. Jirani yetu, mzee wa Kirundi, alikuwa amekaa kibarazani. Akaomba simu, akaisogeza machoni. "Ikiboko," akasema. Wabelgiji walishika na huku tangu 1916. "Baba yangu walimulaza vile vile, sababu ya kahawa."

Mtoto akaenda kukaa karibu naye. Mzee akaendelea kusimulia mpaka chaji ikaisha.