Hadroni Ngeni: Istilahi na Sababu Yake

Hadroni ni jina alilolitunga Lev Okun, mwanafizikia wa Kisovieti, mwaka 1962, kutokana na neno la Kiyunani lenye maana ya unene, akikusudia liwe jina la jumla la chembe zote zinazoathiriwa na ile kani kali inayoshika kiini cha atomu kisisambaratike. Na kwa kuwa ulimi wa Mswahili haupati taabu kulitamka, sioni haja ya kulitafutia badala yake.

Mushkili uko katika sifa. Tangu Murray Gell-Mann na George Zweig walipotoa nadharia ya kwarki, yaani vijenzi vya hadroni, mwaka 1964, hadroni za kawaida zilihesabiwa kuwa jamii mbili, yaani mesoni, yenye kwarki na kwarki kinyume, na barioni, mathalani protoni, yenye kwarki tatu. Walakini nadharia haikukataza mkusanyiko wa kwarki nne wala wa kwarki tano. Mfasiri mwenye haraka atauita huo hadroni ya ajabu, nami namsihi asifanye hivyo, maana sifa ya ajabu twaihitaji kwa kwarki moja mahsusi, ambayo hukaa hata ndani ya kaoni, mesoni ya kawaida kabisa. Aseme hadroni ngeni.

Ugeni huo hudhihirika katika spektra, nayo hapa si rangi za upinde wa mvua bali ni mpangilio wa tungamo. Hadroni hizi huvunjika kabla ya kukifikia chombo cha kupimia, basi wataalamu, kama kadhi amjuaye marehemu kwa warithi wake, hujumlisha nishati na mwendo wa vizalia, wakapata tungamo ya mzazi, kisha huchora matukio mengi katika grafu moja na kutazama kama kinundu kitainuka. Mwaka 2003, huko Tsukuba, Japani, jaribio la Belle liliona kinundu chembamba penye elektronivolti milioni 3,872, takriban mara nne ya tungamo ya protoni. Si kila kinundu ni cha kuaminiwa: mwaka huo huo ilitangazwa chembe ya kwarki tano, nayo ikatoweka takwimu zilipoongezeka. Chembe za kwarki tano za jaribio la LHCb, karibu na Geneva, zilizotangazwa mwaka 2015, zilikuja na ithibati madhubuti zaidi, na mwaka 2019 kinundu kimojawapo kilibainika kuwa viwili.

Ama hadroni ile ya Tsukuba, tungamo yake yakaribia mno jumla ya mesoni mbili za jamii ya D, hata wataalamu hadi leo wangali wakibishana kama ni kwarki nne zilizoshikamana au ni mesoni mbili zilizoambatana kwa ulegevu.