Msokoto wa nyuzi tatu

msokoto wa nyuzi tatu *nm.* (ngeli ya U-/I-, wingi *misokoto ya nyuzi tatu*). Umbo la molekuli ambamo minyororo mitatu imezungukana kwa urefu wake wote. Mfano mashuhuri ni kolajeni, protini ya ngozi, kano, gegedu na mifupa.

Matumizi. Baadhi ya waandishi hutumia *msuko*. Kosa hilo hupotosha maana. Kusuka ni kupitisha juu na chini, kama ukili wa mkeka, na kinachosukwa hivyo hutoka bapa. Kusokota ni kuzungusha. Huko Lipingo, kata ya Wilaya ya Nyasa mkoani Ruvuma, mvuvi wa ziwani hahitaji kamusi kuitambua tofauti hiyo. Kamba yake imara ina nyuzi zilizosokotwa upande mmoja, kisha zikasokotwa pamoja kuelekea upande wa pili, hivyo kila msokoto huuzuia mwingine usifumuke. Kolajeni nayo ni vivyo hivyo: kila mnyororo umejipinda kushoto, na yote mitatu huzungukana kuelekea kulia. Umbo hili lilipendekezwa na G. N. Ramachandran na Gopinath Kartha huko Madras, India, mwaka 1954.

Kila asidi amino ya tatu katika mnyororo lazima iwe glisini, iliyo ndogo kuliko zote, kwa kuwa katikati ya msokoto hapana nafasi ya nyingine. Kosa moja la jeni mahali hapo laweza kumfanya mtoto azaliwe na mifupa inayovunjika kwa kuguswa kidogo, na wazazi wakashukiwa kumpiga.

Kwa joto, msokoto *hufumuka*. *Hukatika* si neno lake, maana minyororo huachana tu. Mfano: *Msokoto wa kolajeni ya kongoro umefumuka chunguni.* Kinachobaki ni jelatini, ndiyo maana supu ya kongoro huganda ikipoa. Kolajeni ya samaki hufumuka kwa joto dogo kuliko ya ng'ombe.

Neno husiani: kiseyeye. Vimeng'enya vinavyouimarisha msokoto huhitaji vitamini C. Ikikosekana kwa miezi kadhaa, kolajeni mpya hulegea katika joto la kawaida la mwili: fizi huvuja damu, meno hulegea, vidonda havifungi. Kwa hiyo kukifasili kiseyeye kuwa "ugonjwa wa fizi" na kuishia hapo ni kumdhuru msomaji. Atakimbilia mswaki, ilhali tiba yake ni vitamini hiyo, iliyomo katika pera, embe na chungwa. Kisamvu kibichi nacho kina vitamini C nyingi, lakini sehemu kubwa hupotea kikichemshwa muda mrefu (na bila kuchemshwa hakiliki, kwa sababu ya sumu yake).

Usichanganye na *msokoto wa nyuzi mbili*, ambao ni umbo la kawaida la vinasaba. Mapema mwaka 1953 Linus Pauling na Robert Corey walidai kwamba vinasaba vina nyuzi tatu, wakakosea. Hata hivyo, uzi wa tatu huweza kujishikiza kwenye baadhi ya sehemu za vinasaba, na hapo waweza kuizuia jeni isisomwe.